Wapenzi wa Jumatatu

"Mwanamke anakuja mjini kwetu Firenze mwaka wa tatu huu," alisema wifi yangu Argia, huku akinisukumia bakuli la maharage, "na hajatia mguu kwenye makumbusho hata moja. Hata moja! Kuna watu wanavuka bahari kuja kuona zile picha, wakifika wanalia. Huyu wetu anakuja kula, kulala kidogo, kisha huyoo, stesheni."

Nilimwita wifi kwa kumchokoza tu, maana ndoa ilikuwa haijafungwa. Vasco, mdogo wake, alikuwa ameniomba tuoane tangu Pasaka. Sasa ni Oktoba na mimi nilikuwa sijamjibu. Si kwamba simpendi. Nampenda mpaka najionea haya, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mjane, muuza samaki wa soko kuu la Livorno, mji wa bandari, nikisikia simu yake jioni natengeneza nywele kana kwamba ananiona. Lakini kila nikitaka kusema ndiyo, sura ya Argia inanijia mbele na maneno yananikwama.

"Wifi," nikamwambia, "mimi nasimama siku sita kwenye maji ya barafu tangu saa kumi alfajiri. Siku ya saba nikaambiwe nisimame tena mbele ya malaika wenye mashavu? Marehemu mume wangu alinileta hapa fungate. Nilizimia kwenye foleni. Fungate nzima naikumbuka kwa ile foleni."

"Si kosa lako," Argia akasema. "Kila mtu na alivyolelewa."

Nikamtazama Vasco. Alikuwa anakata mkate wao ule usio na chumvi, taratibu, vipande sawa sawa. Miaka sitini na saba, hajawahi kuoa, anakaa na dada yake katika nyumba waliyozaliwa, na dada akisema yeye anakata mkate. Hilo ndilo lililokuwa linaniumiza roho, wala si maneno ya yule mama.

Labda mtu atauliza kwa nini siku zote Jumatatu. Wavuvi wetu hawaendi baharini Jumapili, kwa hiyo Jumatatu hakuna samaki wabichi na mimi sifungui meza. Vasco naye ni mlinzi wa chumba cha makumbusho ng'ambo ya mto, na makumbusho yao hufungwa Jumatatu. Siku ya kwanza tulipokutana ilikuwa Jumatatu, kwetu Livorno, amekuja kupunga upepo akakalia kofia yangu. Tangu siku hiyo tumekuwa wapenzi wa Jumatatu. Siku nyingine zote tunasikiana kwenye simu.

"Ijumaa hii ndiyo siku yangu ya mwisho kazini," Vasco akasema ghafla.

"Alaa! Si ulisema mwisho wa mwaka?"

"Wamenihesabia likizo zangu. Ni Ijumaa." Akaweka kisu chini. "Njoo, Loriana."

"Wapi?"

"Kazini kwangu. Ijumaa."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Ijumaa? Vasco, Livorno nzima inakula samaki Ijumaa. Nikifunga Ijumaa wateja watakuja kwangu na maua, watadhani nimekufa."

"Mara moja tu."

"Nifunge meza Ijumaa kwa ajili ya picha?"

"Si unaona?" Argia akadakia. "Nimekwambia mimi. Mpeleke sokoni, kule atafurahi. Watu wa samaki ni watu wa samaki."

Vasco alinitazama. Macho yake ni ya kijivu, yamezama kidogo, na siku zote yana upole unaonifanya nisahau nilichotaka kusema. Siku ile yalikuwa yamechoka. Kisha akainuka akaanza kukusanya vyombo.

* * *

Ana desturi ya kunisindikiza mpaka stesheni, kwa miguu, amebeba mfuko wangu. Njiani hununua mkate uliojazwa utumbo wa ng'ombe kwenye kibanda cha pembeni, tunagawana nusu kwa nusu, ananipangusa mchuzi kidevuni kwa kidole gumba. Siku ile alikipita kile kibanda bila hata kukitazama. Tulifika kwenye uwanja wa kanisa, magoti yangu yakagoma. Nikaketi kwenye benchi la mawe. Naye akaketi, lakini kati yetu akauweka mfuko.

"Umenuna," nikamwambia.

"Sijanuna."

"Umenuna, na mimi nina treni."

"Nimekuomba mara ngapi, Loriana?"

"Uje makumbusho? Sijui. Mara tano."

"Mara saba."

"Na mara saba nimekupa jibu lile lile. Mimi sipendi makumbusho. Nilikwambia siku ya kwanza kabisa, sikukuficha. Nikiingia mle ndani kichwa kinaniuma, miguu inawaka moto, watu wananong'ona kama wako msibani. Ukitaka mwanamke wa kupenda picha, huu mji umejaa. Wengine wana digrii."

"Sijasema nataka mwanamke wa kupenda picha."

"Basi unataka nini? Nisimame pale niseme ooh, rangi, aah, malaika?"

"Nataka uje."

"Kuona nini?"

Akageuka akanitazama. Wazee wawili walikuwa wanapita na mbwa wao, akawasubiri mpaka wakapita.

"Kama hujui," akasema, "basi."

"Ndiyo hivyo! Kama hujui, basi! Wewe na dada yako ni wamoja. Yeye ananitukana kwa mdomo, wewe unakata mkate. Miaka mitatu, Vasco! Siku moja umewahi kumwambia nyamaza? Siku moja tu? Halafu unataka niolewe nawe, nije nikae ndani ya nyumba ile, nifundishwe malezi uzeeni?"

"Dada ndivyo alivyo. Ni wa maneno tu."

"Na mimi ndivyo nilivyo. Ni wa samaki tu."

"Acha hayo."

"Siachi. Nimesafiri saa moja na nusu kuja kukaa na wewe, na siku yangu moja ya kupumzika imekwisha kwa kusemwa."

Akainamisha kichwa. Alikuwa na sweta la bluu nililomnunulia, kiwiko kimeanza kutoboka. Nilitamani kukishika kile kiwiko. Nilitamani hata kumwambia nimekosa, ingawa sikujua nimekosa nini. Lakini mimi nikishapandisha, kushuka ni kazi.

"Nimechoka, Loriana," akasema kwa sauti ya chini.

"Hata mimi nimechoka."

"Basi nadhani jibu langu la Pasaka nimeshalipata."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemrudishia. Alisimama, akaniwekea mfuko mapajani kwa uangalifu, akaning'inizia mkanda wa mfuko begani ili usiniumize, akaondoka. Mtu ambaye kila Jumatatu husimama pale jukwaani akipunga mkono mpaka treni inapotea, siku ile hata stesheni hakufika.

* * *

Vasco hunipigia simu saa moja jioni, akitoka kazini. Jumanne saa moja ikafika, ikapita. Jumatano vile vile. Alhamisi niliishika simu mpaka ikapata joto, nikaiweka kwenye droo pamoja na vijiko nisiione. Nilijiambia: mwanaume wa miaka sitini na saba anasusa kama mtoto kwa sababu ya picha, na aende zake. Nilijiambia hivyo nikiwa jikoni, nikiwa kitandani, nikiwa nakwangua magamba. Usingizi haukuja.

Ijumaa nikafungua meza kama kawaida. Dagaa walikuwa wazuri siku ile, ngisi wanang'aa, wateja wamepanga mstari tangu alfajiri. Mikono yangu ilifanya kazi yenyewe. Ilipofika saa tatu mama mmoja aliniambia nimsafishie pweza, nikamsafisha, nikamfunga, nikampa mtu mwingine kabisa.

"Loriana!" Milvia, jirani yangu wa meza ya pili, akaniita. "Uko wapi wewe?"

Nikavua aproni.

"Milvia, chukua vyote. Uza."

"Ijumaa? Umeugua?"

"Nimeugua."

"Nini?"

"Uzee."

"Huo hauna dawa," akasema, huku anavuta kreti zangu kwake. "Nenda basi, kabla hujabadili mawazo. Na huyo mwanaume mwambie anatutia hasara."

Sikurudi hata nyumbani. Nilibadili viatu, nikanawa mikono kwa ndimu mara nne, nikapanda treni. Nilipofika Firenze, nikavuka mto, nikaikuta foleni. Foleni ile ile ya fungate yangu, naapa. Mbele yangu kundi la watalii na kiongozi wao aliyebeba mwavuli wa njano, nyuma yangu kundi jingine. Nikasimama saa nzima. Kila mguu ulikuwa na mapigo yake ya moyo. Msichana wa kupokea makoti alinipokea langu, akasikia harufu ya samaki, akalitundika mwisho kabisa, peke yake.

Ndani, sitadanganya, sikuona kitu. Ukiniuliza leo ni picha gani zilikuwepo, sijui. Mimi nilikuwa natazama viti. Kila chumba kina kiti kimoja pembeni, na kwenye kila kiti kuna mtu. Hapa msichana anajitafuna kucha. Pale mzee amefumba macho. Nikaingia chumba, nikatazama kiti, nikatoka. Watu walinishangaa, nadhani waliona ninatafuta choo.

"Vasco yuko wapi?" nikamuuliza mmoja.

"Vasco nani, mama?"

"Mlinzi mwenzako. Mrefu, ana masharubu, anastaafu leo."

"Aa, yule. Juu. Chumba cha mwisho."

Juu! Ngazi sitini na mbili, na kila ngazi niliihesabu.

Chumba cha mwisho kilikuwa kimejaa. Lile kundi la mwavuli wa njano lilinitangulia, limesimama nusu duara, na kiongozi wao anaeleza. Nikajipenyeza. Kisha nikamwona. Sikumtambua mara moja, maana sikuwahi kumwona ndani ya sare. Mimi Vasco ninayemjua ni wa sweta. Huyu alikuwa na koti jeusi lililompwaya mabegani na kadi ya jina kifuani, amekaa wima, mikono magotini. Juu ya kichwa chake kuna picha kubwa, na watu thelathini walikuwa wanaitazama ile picha. Mmoja alimuuliza choo kiko wapi bila kuyashusha macho. Vasco akamwelekeza. Yule mtu akasema asante, akiiambia picha.

Nikabaki nimesimama pale pale.

Kundi likaondoka, viatu vyao vikalia sakafuni mpaka chumba cha pili, na mimi nikabaki peke yangu katikati ya chumba na nywele zangu za sokoni. Vasco akaniona. Alisimama polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mama," akasema kwa sauti ya kazi, "tafadhali simama nyuma ya mstari."

"Nimesimama tangu saa kumi alfajiri. Unataka nisimame wapi tena?"

"Leo Ijumaa."

"Najua."

"Na samaki?"

"Wameshakufa, hawana haraka."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Macho yakamlowa. Mimi nikawahi kusema, maana mtu akilia mbele yangu na mimi nalia.

"Haya. Nimekuja. Nieleze picha yako, nitasikiliza mpaka mwisho, sitapiga miayo."

"Picha ipi?"

"Hiyo hapo nyuma yako."

Hata hakugeuka. "Bikira Maria na watakatifu wawili. Mmoja ana kitabu."

"Halafu?"

"Sijui zaidi."

"Vasco! Miaka thelathini na moja!"

"Miaka thelathini na moja iko mgongoni kwangu. Mimi nageukia mlango." Akashusha sauti. "Mpenda picha ni dada. Huja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya kuingia bure. Anasimama hapo hapo uliposimama, nusu saa nzima. Anaangalia, anatikisa kichwa, anaondoka."

"Bila kukusalimu?"

"Anasema mtu aliye mbele ya picha hatakiwi kusumbuliwa."

Hapo nikaelewa, na nilitamani sakafu inimeze. Mara saba ameniomba. Mara saba nimemjibu habari za malaika.

"Unajua ni watu wangapi wamepita mlango ule?" akaendelea, bado kwa sauti ya chini, macho yake chini kwenye viatu vyake. "Kila siku nawaona wakiingia. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwangu. Sio kosa lao, wamekuja kwa mengine. Lakini nilitaka mmoja, Loriana. Kabla sijaivua hii sare, mtu mmoja aingie mlango ule akinitafuta mimi. Nilidhani ungejua."

"Ungesema!"

"Ningesemaje? Mzee mzima nikwambie njoo uniangalie?"

"Ndiyo! Useme hivyo hivyo, njoo uniangalie! Mimi nakaa na pweza kutwa, ningejuaje?" Sauti yangu ilipanda mpaka darini. Machozi yalikuwa yameshanitoka na magoti yalikuwa yamekwisha kabisa. "Jamani, nishike. Naanguka."

Akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti chake. Mgeni haruhusiwi kukalia kiti cha mlinzi, hilo hata mimi nalijua. Kilikuwa kiti kigumu, kina baridi, na ukikikalia unaona mlango na kipande cha ukuta, basi. Mtu na mkewe wakaingia. Wakatazama juu ya kichwa changu, wakanong'onezana, wakatoka. Nilipitwa kama vile sipo. Nikawaza, hivi ndivyo alivyokaa tangu nikiwa kijana, na kila jioni ananiuliza mimi siku yangu ilikuwaje.

Msichana mmoja, mlinzi wa chumba cha pili, akachungulia mlangoni. "Vasco? Kuna nini? Huyu mama vipi?"

"Amechoka miguu," Vasco akamjibu. "Ni mke wangu."

Msichana akatutazama, akatabasamu, akarudi chumbani kwake. Vasco akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Samahani. Limenitoka."

"Hujakosea," nikasema.

"Loriana."

"Nimesema hujakosea. Unataka nisimame niseme tena? Siwezi kusimama. Lakini kwa Argia sihamii, nakwambia mapema. Wewe ndiye unayehamia Livorno, na yeye utamwambia mwenyewe, leo, mezani, bila kushika kisu cha mkate."

"Nitamwambia."

"Nitaamini nikisikia."

Alipiga goti moja, kwa shida, akishikilia mkono wa kiti, goti likalia. Akanivua kiatu kimoja akanishika mguu uliovimba kwa mikono yake miwili. Ndani ya makumbusho, na sare! Nikamwacha. Miaka mitatu nimeifahamu mikono ile, na siku ile ndipo nilipoona ina mabaka ya uzee.

Ndipo likanijia jambo jingine, nikacheka na machozi yangu. Mimi sikuwahi kumwona yeye kazini. Na yeye je? Jumatatu soko letu ni meza tupu na paka.

"Kesho Jumamosi," nikamwambia. "Kesho huna kazi. Panda treni ya kwanza, uje sokoni. Nitakuwa mezani na mabuti yangu."

Akasita. Namjua anavyosita, anakunja pua kidogo upande wa kushoto.

"Sokoni?" akasema. "Mimi samaki siwajui hata majina, Loriana. Na ile harufu, asubuhi asubuhi, tumbo langu... Nije kuangalia nini?"

Nikamshika masharubu, nikamgeuza uso anitazame.

"Nani kakwambia uje kuangalia samaki?"